Kaye ya Tata na Mashini Isiyo Yetu

Juu ya kilio mengi yamekwisha kuandikwa: nani anakaa ndani juu ya mkeka, nani anakaa inje karibu na moto, ni siku ngapi majirani wanalala katika lupango ya wafiwa. Sisi tumeombwa kueleza jambo lenye kuja nyuma ya maziko, wakati viti vya kukodi vimekwisha kurudishwa na sufuria kubwa zimeoshwa. Jambo hilo ni kikao cha jamaa, pale wakubwa wanapohesabu vitu vya marehemu na kusema nani atachukua nini. Ni desturi ya makabila mengi ya Katanga, na hapa Likasi tunaifuata mpaka leo, kila jamaa kwa namna yake.

Sisi ni watoto sita wa baba mmoja na mama mmoja, tuliozaliwa na kukulia Likasi. Baba yetu alifariki mwezi wa tatu mwaka 2008. Kikao chake kilidumu tangu asubuhi mpaka jua kuzama, na mambo yaliyosemwa siku ile njo tunataka kuyaacha katika kitabu hiki. Lakini huwezi kuelewa kikao cha mtu kama haujue mtu mwenyewe alikuwa nani. Kwa hiyo tuanze na yeye. Tulimwita Tata, kama Waluba wanavyomwita baba.

Mtu wa mto katika mji wa shaba

Tata alizaliwa karibu mwaka 1934 katika kijiji cha wavuvi upande wa Malemba-Nkulu, kando ya mto Lualaba. Mwaka 1953 alipanda mashua mpaka Bukama, na pale Bukama akapanda gari-moshi mpaka huku. Wakati ule mji wetu uliitwa Jadotville, kwa heshima ya injinia Mbelgiji Jean Jadot. Jina la Likasi lilirudi mwaka 1966. Tata alisema siku aliposhuka ku stesheni hakushangaa majumba, alishangaa kwamba hakuna mtu aliyenuka samaki.

Aliandikwa kazi na Union Minière du Haut-Katanga, akatumwa ku kiwanda cha Shituru, kile chenye kutoa shaba kwa nguvu ya umeme tangu mwaka 1929. Alitueleza kazi ile mara mingi, na tulipenda kusikia. Shaba kwanza inayeyushwa katika maji ya asidi, na maji yanakuwa ya buluu. Halafu mabati membamba yanatumbukizwa ndani ya mabafu, umeme unapita, na shaba iliyo katika maji inaanza kujishika juu ya bati. Inachukua siku nyingi. Huwezi kuiona ikikuja. Unaenda kulala, unarudi, na bati limekuwa nene. Umeme wenyewe ulitoka ku maporomoko ya Mwadingusha, ku mto Lufira, na Tata alicheka akisema kwamba yeye, mtoto wa mto, alikimbia mto mmoja akakuja kutumikia mwingine.

Kila juma wafanyakazi walipewa posho: unga, maharagwe, samaki wa kukauka, karanga, mafuta ya mawese. Mama zetu walipanga mstari na mifuko. Watu wa wakati ule walisema kampani njo baba, njo mama. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ilichukua kampani ile, na baadaye ikaitwa Gécamines. Tata alisema: "Bwana amebadilisha kofia. Mikono yangu ni ile ile." Mwaka 1972, wakati wa mambo ya Authenticité, jina lake la ubatizo liliondolewa katika karatasi na akashona abacost moja nyeusi, ile tuliyomzika nayo. Alipata pensheni mwaka 1991.

Tata hakukuwa mtu wa maneno mingi. Asubuhi alipiga makofi mawili madogo mbele ya mlango wa Mama, namna ya kuheshimu ya kwao ya Kiluba, kisha akaondoka na kinga yake, yaani baiskeli. Jumapili alituongoza mpaka porini, nyuma ya mvua za kwanza, kutafuta uyoga, na alijua ule wa kula na ule wa kuua. Wakati wa vinkubala alinunua kikombe kimoja ku soko, akavihesabu juu ya sahani ya bukari ili kila mtoto apate sawasawa. Aliyebaki mmoja alikatwa. Sisi tulicheka kumuona mtu mzima akikata kiwavi na kisu, na leo, tukikutana sisi sita, hiyo njo ya kwanza tunayokumbushana.

Fundi wa ng'ambo ya ua

Asidi ya Shituru ilikula nguo. Suruali ya kazi haikumaliza miezi mingi bila matundu madogo madogo, kama iliyopigwa na cheche. Hivi njo Tata alivyofahamiana na fundi wa kushona aliyekaa ng'ambo ya ua wetu, pale Kikula. Fundi yule alikuwa Muluba wa Kasai. Baba yake alikuja Katanga zamani kwa ajili ya kazi, kama wengine wengi sana ambao kampani ilienda kuwatafuta huko Kasai, na yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa. Alikuwa na mashini ya Singer ya kukanyaga na miguu, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika ku shingo.

Fundi alisalimia kwa Kiluba cha Kasai, "Moyo, Yaya!" kwa maana Tata alimzidi umri. Tata alijibu kwa Kiluba cha Katanga, kisha wote wawili wakaingia katika Kiswahili na kuanza kuchokozana: ni nani anayesema Kiluba cha kweli, ni nani ambaye nkambo wake alipotea njia. Mke wake na Mama walitia likelemba pamoja na wanawake wengine wa kartie. Watoto wake walikula kwetu, sisi tulikula kwao, na hakuna aliyehesabu.

Halafu ikafika mwaka 1992. Wasomaji wakubwa wanakumbuka, vijana wanahitaji kuambiwa. Tarehe 15 Agosti mwaka ule, Baraza kubwa la Taifa kule Kinshasa lilimchagua Étienne Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, kuwa waziri wa kwanza, pa nafasi ya Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Maneno ya chuki yalikuwa yamekwisha kupandwa, na hapa Likasi yalizaa mbele ya fasi zingine. Nyumba za Wakasai zilivunjwa na kuchomwa. Watu maelfu na maelfu walikimbilia stesheni na masomo, wakalala chini pale miezi, wakingoja gari-moshi la kuwapeleka Mwene-Ditu na Kananga, katika inchi ambayo wengi wao hawajaiona hata siku moja. Wazee na watoto walikufa pale pale kwa njaa na magonjwa, na wengine walikufa njiani.

Fundi na watu wake waliondoka kwao usiku mmoja wa mwezi wa tisa. Mashini ile ni nzito, na barabarani ingewaonyesha. Tata na Fundi waliipitisha juu ya ua, kichwa kwanza, kisha meza. Sisi wakubwa watatu tulishika taa. Tunakumbuka kwamba hawakuagana kwa maneno. Fundi alimpa Tata kopo la mafuta ya mashini, na Tata akalipokea kwa mikono miwili.

Kwa majuma kadhaa Mama alipika bukari na sombe, na Tata alipeleka sahani ile mpaka stesheni juu ya kinga, imefunikwa na kitambaa. Kulikuwa vijana katika njia wenye kuuliza: "Muzee, unapelekea nani?" Alijibu: "Ninapelekea ndugu." Haikuwa uongo. Siku moja alirudi na sahani imejaa. Gari-moshi lilikuwa limeondoka.

Kopo la pesa zilizokufa

Hapa inafaa tueleze kitu kimoja cha Tata ambacho wajukuu wake wanakipenda. Chini ya kitanda aliweka kopo la maziwa lililojaa noti. Si pesa za kununua kitu, ni pesa zilizokufa. Zilikuwamo noti za zaire 5 na 10 ambazo serikali ilizikataa ghafula tarehe 25 Desemba 1979, sikukuu ya Noeli, watu wakipewa siku chache tu za kuzibadilisha. Zilikuwamo za mwaka 1993, wakati zaire milioni 3 ziligeuka kuwa zaire mpya moja. Zilikuwamo na zaire mpya zenyewe, maana mwaka 1998 nazo zilikufa: 100,000 zikawa franka moja tu ya Kongo.

Alizimwaga juu ya mkeka na kusema: "Muangalie bana. Hii ilinunua mbuzi. Hii ilinunua nyumba. Leo hainunue hata kiberiti." Watoto wa jirani walikuja kuona, kama wanakuja kuona sinema.

Mjue, miaka ile ya 1990 ilikuwa mibaya kwa mji wetu wote. Shaba ya Gécamines, iliyopita tani 470,000 mwaka 1986, ilianguka mpaka karibu tani 30,000 mwaka 1994. Mji uliozoea kuishi kwa king'ora na posho ulibaki kimya. Walimu waliuza makala, mainjinia walilima mahindi kando ya barabara. Kwetu tulikula mara moja kwa siku, na siku zingine munkoyo tu ulishikilia tumbo mpaka kesho.

Na mashini ya Fundi ilikuwa pale, katika pembe ya chumba, imefunikwa na gunia. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi Tata aliondoa gunia, akatia mafuta, akazungusha gurudumu ili kutu isiingie, akafunika tena. Mama alikuwa amesoma kushona katika foyer ya kampani, zamani za usichana wake. Siku moja, mbele yetu, alimwambia: "Baba ya bana, watoto wanalala njaa, na mashini inalala pembeni. Inatia mafuta kuliko siye." Tata alikaa kimya mpaka jioni. Kisha akasema: "Tutamuuliza mwenyewe."

Aliandika barua. Msafiri mmoja wa gari-moshi aliipeleka mpaka Mwene-Ditu, na kutoka mkono mpaka mkono ikamfikia Fundi. Jibu lilikuja nyuma ya miezi mitano, mwanzoni mwa 1994, karatasi iliyokunjwa mpaka ikapasuka ku mikunjo. Ndani kulikuwa mstari mmoja wa kazi, mwingine wote ulikuwa salamu: Mama ashone, na Mungu atajua.

Mama akaanza kushona sare za masomo na nguo za sikukuu. Tata akaandika katika kaye kila nguo iliyolipwa, na sehemu moja ya tano ya bei akaitia pembeni kwa ajili ya mwenye mashini. Mwaka ule bei zilipanda kila siku. Pesa alizotia pembeni mwezi wa pili hazikununua kitu mwezi wa nane. Mama akasema basi, deni limekufa pamoja na pesa. Tata akasema: "Pesa imekufa. Deni haikufe." Kuanzia 1995, kila Desemba, alichukua sehemu ile ya tano na kununua kikwembe kimoja kipya, akakitia katika sanduku la bati. Kikwembe hakiozi upesi, na bei yake inapanda pamoja na bei zingine. Hivi njo alivyofanya miaka 13, mpaka Desemba ya 2007.

Kikao

Tata alifariki kwa ugonjwa wa kifua, akiwa na miaka kama 74. Kilio chake kilikuwa kikubwa. Matawi ya mitende yaliwekwa ku njia ili wapita njia wajue. Wanawake walikaa ndani na Mama, wanaume walikaa inje, na usiku wazee wa Shituru walisimulia habari zake karibu na moto, zingine hatujazisikia hata siku moja. Kijana mmoja wa kartie alishika kaye ya michango: jina, kiasi cha pesa, mfuko wa unga, fungu la makala. Kaye ile pia ni desturi nzuri ya miji yetu, maana mchango wa kilio ni kitu cha kurudisha siku ya mwenzako, na asiyeandika anasahau.

Siku ya tano nyuma ya maziko jamaa ilikaa. Mkubwa wa kikao alikuwa baba mdogo, mdogo wake Tata kutoka Malemba-Nkulu. Alisafiri siku 6, kwa mashua, kwa lori na kwa gari-moshi, na miguu yake ilikuwa imevimba. Tunasema hivi ili mtu asidhani alikuja kwa ajili ya tamaa. Alilia kaka yake kuliko sisi.

Vitu vilihesabiwa. Nyumba ya matofali ambayo Tata alijenga na mikono yake. Kinga. Redio. Kisanduku cha vyombo vya kazi. Jembe nne. Kiti chake. Mashini ya kushona na meza yake. Sanduku la bati lenye vikwembe 13, bado na karatasi za dukani.

Juu ya nyumba hakukuwa shida. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, ambayo ilirekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto mbele, na robo tatu ya mali ni yao. Mjane, wazazi na ndugu za marehemu wanakuja katika kundi la pili, na mjane anaachiwa haki ya kukaa katika nyumba waliyokaa na mume wake. Baba mdogo alisikiliza yaya wetu mkubwa akieleza hayo, akasema: "Nyumba ni ya bana na mama yabo. Sikukuja kutosha mama mu nyumba."

Kisha akanyoosha mkono ku mashini na ku sanduku. "Bana, musinikasirikie. Kwetu mutu akikufa, kitu fulani kinarudia kijiji, ili watu waseme: huyu alienda ku kazi miaka makumi tano, na hii njo kazi yake. Mashini hii ilikuwa kwa ndugu yangu miaka kumi na tano. Vikwembe ni vya shangazi zenu, ambao hawakuweza kufika. Hivi tu. Vingine vyote muchukue."

Hapakuwa mtu wa kusema kwamba ameomba vibaya. Shangazi zetu wako hai, na walimbeba Tata mgongoni alipokuwa mtoto. Na sisi wenyewe, tuseme kweli, tulikuwa na faida yetu. Mashini ile ilimlisha Mama, na bado ilimlisha. Fundi hakuandika tangu miaka saba. Hakuna mtu mwingine katika chumba aliyejua habari ya ua na ya usiku ule, isipokuwa Mama na sisi wakubwa watatu. Kama tungekaa kimya, tungeweza kubishana tu juu ya nani wa kuchukua, kijiji ao Mama, na mwisho tungekubaliana nusu kwa nusu, na kila mtu angeenda kwake na amani.

Mama njo aliyesema. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa kitambaa cha ujane, na tangu maziko hakuwa ameinua sauti. Alisema: "Mbele ya kugawa, musome kaye."

Yaya mkubwa akaleta kaye, ile yenye kifuniko cha buluu, akafungua ukurasa wa kwanza, na akasoma kwa sauti maandiko ya Tata, namna alivyoandika: "Mashini ya kushona Singer na meza yake. Si yangu. Ni ya Fundi. Amenipa niiangalie, mwezi wa tisa 1992. Akikufa ni ya bana bake. Nikikufa, muiangalie pa fasi yangu." Halafu kurasa nyingi za nguo na bei. Halafu, kila Desemba: "Kikwembe kimoja, cha Fundi."

Watu walinyamaza. Baba mdogo akaomba asomewe tena tangu mwanzo. Akauliza Fundi huyo ni nani, na Mama akaeleza yote, hata sahani iliyorudi imejaa. Baba mdogo akapiga makofi mawili madogo, kama Tata alivyofanya kila asubuhi, akasema: "Basi. Mutu anarizi mali, na mutu anarizi deni. Ndugu yangu ametuachia deni. Siye wote tunairizi, kijiji na muji." Akachukua kinga. Alisema kule Malemba itamtembeza mpaka ku ziwa, na watu watauliza ni ya nani.

Wazee wa zamani wanasema nini

Baba mdogo alitaja kijiji na desturi, na sisi tunakubali kwamba wazee waulizwe. Si mbali na kwao, kando ya ziwa Kisale, pale Sanga, wataalamu wa mambo ya kale walifungua makaburi mwaka 1957 na 1958. Mengi yana umri wa zaidi ya miaka 700. Wafu walikutwa wamelala pamoja na vyungu vizuri sana, vyombo vya chuma na mapambo ya shaba. Katika makaburi ya nyakati za nyuma kulikutwa misalaba midogo ya shaba, na kadiri miaka ilivyopita misalaba ile ilizidi kuwa midogo na kufanana, mpaka wataalamu wakaelewa kwamba ilikuwa pesa.

Dada yetu wa pili, ambaye ni mwalimu, anapenda kuwaeleza wanafunzi wake jambo hilo. Watu wale walikuwa na shaba, na shaba ilikuwa mali, lakini waliweka nyingine katika mkono wa mfu na kuifunika na udongo. Maana yake hawakufikiri kwamba kila kitu cha marehemu ni cha kugawa. Sisi tunaona kwamba kikao cha jamaa ni desturi nzuri na kisikufe, lakini kazi yake ya kwanza si kugawa. Kazi yake ya kwanza ni kujua kitu gani kilikuwa cha marehemu, na kitu gani kilikuwa katika mikono yake tu. Nyuma ya hapo njo kugawa kunaweza kuanza.

Na hiyo haiwezekani kama mtu hasemi angali hai. Wengi wetu tunaogopa kuandika mambo ya kifo, tunasema ni kujiitia msiba. Tata aliandika ukurasa ule akiwa na miaka 58 na nguvu zake zote, na akaishi miaka 15 zaidi.

Namna mashini ilivyoondoka

Tulituma habari kwa watu wa gari-moshi, na baadaye kwa telefone za mkononi zilipoenea. Mwaka 2011 mtoto wa kike wa Fundi akafika Likasi. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, hata mbele ya Tata, na wala sisi wala yeye hatukujua ya wenzetu. Alipoondoka hapa alikuwa na miaka tisa. Alisimama mbele ya ua, ambayo leo ni ukuta, akatafuta nyumba yao na macho, na watu wengine wanakaa mule.

Mama alimpa maji, akamkalisha katika kiti cha Tata, na yaya akamsomea kaye yote. Ilichukua saa mbili. Alipofika ku Desemba ya mwisho, alifungua sanduku na kuhesabu vikwembe yeye mwenyewe, 13, akaviweka juu ya magoti na kulia. Mama alilia naye. Kilio cha Fundi, ambacho Likasi haikukifanya, kilifanyika siku ile katika chumba chetu, na majirani wachache wa zamani walioitwa wakaja, na mmoja wao, ambaye mwaka 1992 alifunga mlango wake, alileta mfuko wa unga na akaketi chini.

Yule dada alikaa kwetu siku nne. Alichukua kichwa cha mashini, akakifunga ndani ya vikwembe 12 ili kisigongwe njiani. Cha 13 alimfunga nacho Mama kiunoni. Meza ya kukanyaga ilikuwa nzito mno kwa gari-moshi, akasema ibaki. Juu ya meza ile wajukuu wanaandikia kazi za masomo, na wakichoka wanakanyaga chuma cha chini na kuzungusha gurudumu bure. Mama alinunua mashini ingine, ya mkono, kwa pesa tulizochanga sisi sita.

Ndugu wasomaji, hatukuandika haya ili tusifu nyumba yetu. Kuna wengi katika Likasi waliotunza vitu vya wenzao mwaka ule, na wengi wamekufa bila kusema, na vitu vile viligawiwa katika vikao na watu wasio na kosa, ambao hawakujua. Kama bado uko na baba, ao mama, ao nkambo, mukalishe siku moja na kaye mpya na kalamu. Usimuulize atakuachia nini. Muulize ni kitu gani katika nyumba hii si chake.